I. S. Johar: Mchekeshaji Aliyeandika Vichekesho Vyake

Sisi tuliokulia picha za Kihindi hapa Mombasa tulimjua I. S. Johar kwa sura. Alikuwa yule mchekeshaji tuliyemsubiri stelingi akimaliza kuimba. Kwamba alikuwa pia mwandishi na mtayarishaji, hilo halikutushughulisha.

Alizaliwa 1920 Talagang, Punjab, ambako leo ni Pakistan, akasoma uchumi, siasa na sheria. Agosti 1947, India ilipogawanywa, yeye na jamaa zake walikuwa wamekwenda harusini Patiala. Huku nyuma Lahore ikawaka moto, na Johar hakurudi tena. Hebu fikiria, umeaga kwenda harusi ya siku chache, kumbe umeshahama!

Mwaka 1949 ikatoka Ek Thi Ladki, kichekesho alichokiandika na kuigiza ndani yake. Mwongozaji alikuwa Roop K. Shorey, naye mtu wa Lahore aliyekimbilia Bombay. B. R. Chopra, mwengine aliyetoka huko huko, akachukua hadithi ya Johar akaitengeneza Afsana mwaka 1951. Mwaka 1954 Johar mwenyewe aliongoza Nastik, kuhusu kijana aliyepoteza wazazi katika ghasia za mgawanyo, na imani yake ikaenda nao. Hapo mzaha aliuweka kando.

Baadaye akawa anatengeneza picha zake mwenyewe na kuzibandika jina lake. Johar Mehmood in Goa ya 1965 ilimcheka Mreno aliyetawala Goa hadi 1961. Sisi wenye Fort Jesus mzaha huo hatukuhitaji kuelezwa.

Wazungu nao walimwita. Katika Lawrence of Arabia ya 1962, yeye ndiye Gasim, anayeokolewa jangwani kisha akauawa na mkono ule ule uliomuokoa.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa Nasbandi ya 1978, maana yake kufungwa uzazi. Wakati wa hali ya hatari ya Indira Gandhi, 1975 hadi 1977, wanaume wengi walifungwa uzazi kwa nguvu. Johar akalifanyia kichekesho jambo hilo, akitumia watu waliofanana na nyota wakubwa. Kama picha, haikukaa sawa. Kama ujasiri, ni wachache waliomfikia.

Alifariki Bombay tarehe 10 Machi 1984. Tuzo ya Filmfare aliyoipata kwa Johny Mera Naam, ambamo aliigiza watu watatu peke yake, ilikuwa ya uchekeshaji.