Pancho Gonzales: Mbabe wa tenisi aliyefungiwa mlango wa Grand Slam kwa miaka 18

Ukitaka mashabiki wa tenisi wabishane hadi usiku, uliza swali moja tu: nani mkali wa muda wote? Hapo hapo simu zinatoka mfukoni na hesabu zinaanza. Novak Djokovic ana mataji 24 ya Grand Slam, Rafael Nadal 22, Roger Federer 20. Wengi huona kesi imeishia hapo.

Lakini ukishuka chini kabisa kwenye orodha hiyo, utakuta jina la jamaa mwenye mataji 2 tu. Anaitwa Pancho Gonzales, Mmarekani mwenye asili ya Mexico. Kuanzia mwaka 1954 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu kila bingwa mpya aliyetamba Wimbledon aliletwa mbele yake, na karibu kila mmoja aliondoka na kichapo.

Sasa mtu wa namna hiyo alibakije na mataji 2? Jibu liko kwenye maisha yake, na kwenye sheria moja iliyoharibu hesabu za tenisi kwa miongo kadhaa.

Raketi ya senti 51

Richard Alonzo Gonzales alizaliwa Los Angeles tarehe 9 Mei 1928, mmoja kati ya watoto saba. Baba na mama yake walikuwa wahamiaji kutoka jimbo la Chihuahua, Mexico. Nyumbani pesa ilikuwa ya kuhesabu.

Alipofika miaka 12, mama yake alimnunulia raketi ya senti 51. Mwalimu hakuwepo. Kijana alikuwa anakwenda viwanja vya umma vya Exposition Park, anakaa pembeni, anatazama wakubwa wanavyocheza, kisha anaigiza. Hivyo ndivyo alivyojifunza tenisi, mchezo ambao wakati huo ulikuwa wa watoto wa klabu za matajiri, wenye nguo nyeupe na makocha wao.

Jina la Pancho hakupewa na wazazi. Lilikuwa jina ambalo Wamarekani weupe walimbandika karibu kila kijana mwenye asili ya Mexico, na kwake likaganda hadi kifo. Shavuni alikuwa na kovu refu. Wengi waliamini ni la kisu, kumbe alilipata kwenye ajali ya gari akiwa mtoto.

Shule haikumkaa. Alikuwa mtoro sugu, muda wote yuko uwanjani. Perry Jones, bosi wa tenisi ya vijana kusini mwa California, akamfungia mashindano hadi arudi darasani. Hakurudi. Akiwa na miaka 15 alikamatwa kwa wizi wa kuvunja nyumba na kupelekwa kwenye kituo cha kurekebisha tabia za vijana. Mwaka 1945 akaingia jeshi la majini, nako akatolewa mwaka 1947 kwa utovu wa nidhamu.

Yaani akiwa na miaka 19, jamaa hakuwa na cheti, hakuwa na kazi wala rekodi yoyote ya maana.

Bingwa wa Marekani akiwa na miaka 20

Mwaka mmoja tu baadaye, Septemba 1948, akatwaa ubingwa wa Marekani pale Forest Hills, New York. Waandaaji walikuwa wamempanga wa nane kwa ubora, na wengi waliona ni bahati tu. Mwaka 1949 alipotolewa mapema Wimbledon, mwandishi mmoja alimwita bingwa wa jibini, akimaanisha bingwa feki. Wenzake wakaligeuza neno hilo kuwa utani, wakampa jina la jibini la Kiitaliano, Gorgonzola, likafupishwa kuwa Gorgo.

Gorgo akajibu uwanjani. Kwenye fainali ya Forest Hills mwaka 1949 alikutana na Ted Schroeder, aliyekuwa ametoka kushinda Wimbledon mwaka huo huo. Seti ya kwanza Gonzales alipoteza 16–18, ya pili 2–6. Watu wakajua kwisha habari. Akainuka, akashinda tatu zilizofuata: 6–1, 6–2, 6–4.

Alikuwa na miaka 21 na mataji 2 makubwa. Kwenye vitabu vya Grand Slam, hesabu yake ya mchezaji mmoja mmoja iliishia siku hiyo.

Ridhaa au pesa: chagua moja

Wakati huo Wimbledon, Forest Hills na mashindano mengine mawili makubwa, ya Ufaransa na Australia, yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Ukichukua pesa waziwazi kwa kucheza, mlango unafungwa. Kwa siri, mastaa wa ridhaa walikuwa wanapewa fedha za nauli na posho zilizozidi nauli yenyewe, na kila mtu alijua.

Kwa mtoto wa klabu tajiri, kusubiri haikuwa shida. Gonzales alikuwa na mke na mtoto wa kulisha. Mwishoni mwa 1949 akasaini kucheza kwa kulipwa, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Tenisi ya kulipwa ilikuwa maisha ya barabarani. Wachezaji wawili walizunguka miji ya Marekani, usiku huu hapa, kesho kule. Turubai lilitandikwa juu ya sakafu ya ukumbi wa mpira wa kikapu au barafu, wanacheza, linakunjwa, safari inaendelea. Mechi zilikuwa zinafika 100 kati ya watu wale wale wawili.

Ziara yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Jack Kramer, bingwa wa kulipwa wa wakati huo. Ilikuwa aibu. Kramer alishinda mechi 96, Gonzales 27. Katika biashara ile, aliyeshindwa hakuwa na kazi tena, kwa sababu hakuna anayenunua tiketi kumwona tena. Gonzales akarudi Los Angeles, akafungua duka dogo la vifaa vya tenisi pale pale Exposition Park, akawa anafunga nyuzi za raketi za watu.

Anarudi, na hashikiki

Hakuacha mazoezi. Kramer alipopunguza kucheza na kugeuka kuwa promota, Gonzales alirudi, na kuanzia mwaka 1954 akawa ndiye mfalme wa ziara.

Silaha yake kubwa ilikuwa mpira wa kuanzisha. Alikuwa mrefu, futi 6 na inchi 3, na mkono wake ulishuka laini kama hatumii nguvu, ila mpira ulifika upande wa pili kama risasi. Kabla mpinzani hajakaa sawa, Gonzales alikuwa ameshafika wavuni. Ilifika hatua waandaaji wakajaribu kwa muda sheria ya kumzuia kukimbilia wavuni mara baada ya kuanzisha. Akaendelea kushinda. Sheria ikafutwa.

Hesabu zake za miaka hiyo ziko wazi.

Tony Trabert alishinda Grand Slam 3 kati ya 4 mwaka 1955, kisha akaingia kwenye kulipwa. Gonzales alimchapa kwa tofauti ya mechi zaidi ya 40.

Ken Rosewall aliingia mwaka 1957 akiwa bingwa wa Marekani. Gonzales 50, Rosewall 26.

Lew Hoad, Mwaustralia mwenye nguvu za ajabu, aliingia mwaka 1957 akitoka kushinda Wimbledon mara mbili mfululizo. Huyu ndiye aliyemtoa jasho. Mwanzoni mwa 1958 Hoad aliongoza mechi 18 kwa 9, na ikaonekana mfalme ameanguka. Kisha mgongo wa Hoad ukaanza kumsumbua, huku Gonzales akibadili mbinu na kuimarisha upande wake dhaifu. Ziara ilipoisha, Gonzales alikuwa na 51, Hoad 36.

Ongeza ubingwa wa kulipwa wa Marekani mara 8, na mara 4 kwenye mashindano ya kulipwa ya ukumbi wa Wembley, London.

Mfalme anayelipwa kidogo

Pamoja na ubabe wote huo, mfuko haukufanana na jina. Promota alihitaji kuuza sura mpya, kwa hiyo pesa ya uhakika ilikwenda kwa bingwa anayetoka ridhaa. Kwenye ziara ya Trabert, Trabert alihakikishiwa dola 80,000, Gonzales akapewa 15,000. Hoad yeye aliahidiwa dola 125,000. Gonzales alifungwa na mkataba mrefu na Kramer, akaenda mahakamani kuuvunja, akashindwa.

Hasira ikawa sehemu ya maisha yake. Mara nyingi aliendesha gari peke yake kutoka mji hadi mji, mbali na wenzake. Aligombana na waamuzi, wapiga picha, mashabiki, hata familia. Alioa mara kadhaa na ndoa zikavunjika. Wapinzani wake walimwogopa, wengi hawakumpenda, ila wote walikubali kwamba akikasirika ndiyo anacheza vizuri zaidi.

Mwaka 1960 viongozi wa tenisi duniani walikutana Paris kupiga kura: je, wa kulipwa na wa ridhaa waruhusiwe kucheza pamoja? Hoja ilianguka kwa upungufu wa kura 5 tu. Gonzales alikuwa na miaka 32. Alisubiri miaka mingine 8.

Mzee wa miaka 41 Wimbledon

Mlango ulipofunguliwa mwaka 1968, Gonzales alikuwa anagonga 40 na tayari ni babu. Mashindano makubwa zaidi ya 70 yalikuwa yamepita bila yeye.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Kule Bournemouth, Uingereza, kwenye mashindano ya kwanza ya wazi, alifungwa na Mark Cox, mchezaji wa ridhaa. Wiki chache baadaye Paris, kwenye udongo ambao haukuwa rafiki yake, akamtoa Roy Emerson robo fainali. Safari yake ilikatishwa nusu fainali na Rod Laver.

Halafu ikaja Juni 1969, raundi ya kwanza Wimbledon. Gonzales ana miaka 41, mpinzani wake Charlie Pasarell ana 25. Seti ya kwanza ilimalizika 24–22 kwa Pasarell. Giza likaingia, Gonzales akaomba mechi isimamishwe, mwamuzi mkuu akakataa. Akasusa kwa hasira, akapoteza ya pili 1–6, akatoka uwanjani huku watu wakimzomea.

Kesho yake akarudi. Akachukua ya tatu 16–14, ya nne 6–3. Kwenye ya tano, mara 7 Pasarell alihitaji pointi moja tu kumaliza mechi. Mara zote 7 mzee akagoma kufa. Akashinda 11–9. Saa 5 na dakika 12, gemu 112, na watu wale wale waliomzomea jana walisimama kumpigia makofi.

Miaka miwili baadaye Wimbledon ilianza kutumia utaratibu wa kufupisha seti ndefu. Rekodi ya gemu 112 ilidumu pale hadi mwaka 2010, John Isner na Nicolas Mahut walipoivunja.

Januari 1970, New York, mbele ya watu zaidi ya 14,000, Gonzales alimfunga Laver katika seti 5, mechi ya mshindi kuchukua dola 10,000 zote. Laver alikuwa ametoka kutwaa Grand Slam zote 4 za mwaka 1969.

Sasa hesabu upya

Hapa ndipo orodha ya mataji inapoyumba. Emerson alishinda Grand Slam 12 katika miaka ya 1960, rekodi iliyodumu kwa wanaume hadi Pete Sampras alipoivunja mwaka 2000. Lakini zote 12 alizipata wakati wa kulipwa walikuwa wamefungiwa nje. Laver ana 11, na alikosa miaka 5 mizima. Rosewall ana 8, alikosa miaka 11. Gonzales ana 2, alikosa miaka 18, na ndiye aliyekuwa anawafunga wale waliokuwa wanashinda.

Si kwamba angeshinda zote. Kramer alimtandika vibaya, Hoad alimtikisa, udongo wa Paris ulimsumbua, na ziara zake nyingi zilichezwa kwenye kumbi zenye sakafu za kasi zilizompendelea. Lakini kumpima kwa taji 2 ni sawa na kumpima mkimbiaji kwa mbio alizokatazwa kuingia.

Baadaye aliishi Las Vegas, akifundisha tenisi kwenye hoteli kubwa ya kamari. Mke wake wa mwisho alikuwa Rita, dada yake Andre Agassi. Saratani ya tumbo ilimuua tarehe 3 Julai 1995 akiwa na miaka 67, wiki ambayo mashindano ya Wimbledon yalikuwa yanaendelea. Hakuwa na pesa, na gharama za mazishi alilipa Agassi.

Kombe la Wimbledon la mchezaji mmoja mmoja, ambalo waliowahi kuchapwa naye walilinyanyua, yeye hakulipata hadi anazikwa.