Daktari Walter Rodney, Mwanahistoria

Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne husema kwamba Historia ni somo la kukariri miaka tu, wala halimpi mtu kazi. Nimeona niwaeleze habari za bwana mmoja ambaye somo hilo lilimpa kazi, kisha likamnyima raha.

Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi 1942, nchi ile ikitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Yeye alikuwa wa kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari utumwani. Alisoma Chuo Kikuu cha West Indies huko Jamaica, akafuzu mwaka 1963 kwa daraja la kwanza. Mwaka 1966 alipata udaktari London, naye ana miaka 24 tu! Alichunguza biashara ya watumwa katika pwani ya Guinea, na ili asome makaratasi ya kale yaliyoko Lisbon ilimpasa kujifunza Kireno.

Mwaka huo huo alikuja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alihamia Jamaica, na huko hakukaa chuoni tu, bali aliwaendea maskini vichochoroni akawafundisha habari za Afrika. Serikali ikachukia. Oktoba 1968, alipokuwa akirudi kutoka mkutanoni Kanada, alikatazwa kuingia nchini, na wanafunzi wakaandamana.

Basi akarudi Dar es Salaam mwaka 1969, akakaa hadi 1974. Hapo ndipo alipoandika How Europe Underdeveloped Africa, kitabu kilichotolewa mwaka 1972. Habari yake ya reli hainitoki kichwani: wakoloni walijenga reli kutoka machimboni na mashambani kwenda bandarini, si kuunganisha Waafrika wao kwa wao. Wataalamu wengine walimlaumu kwa ukali wake. Mimi nimetazama ramani ya darasani, na kwa jambo hilo la reli naona alisema kweli.

Kisha akarudi kwao. Uprofesa aliokwisha kupewa katika Chuo Kikuu cha Guyana ulizuiwa na serikali. Angeweza kwenda kufundisha ng'ambo na kuishi vizuri, lakini alibaki, akashirikiana na wafanyakazi kuipinga serikali ile. Tarehe 13 Juni 1980 aliuawa Georgetown kwa bomu lililofichwa ndani ya simu ya upepo. Alikuwa na miaka 38, akaacha mke na watoto watatu. Kitabu chake juu ya wafanyakazi wa Guyana kilitoka mwaka 1981.