Mekatilili: Aliwasha vita, vikapiganwa akiwa kifungoni

Jina la Mekatilili wa Menza unalijua. Sanamu yake iko pale Malindi, na hadithi ya kuku na vifaranga pengine uliisikia ukiwa shule ya msingi. Lakini hebu jiulize: Wagiriama walipigana na Mwingereza lini hasa? Na risasi zilipoanza kulia, yeye alikuwa wapi?

Alizaliwa miaka ya 1860 upande wa Bamba, Ganze, akaitwa Mnyazi. Jina la Mekatilili lilikuja baadaye, maana yake mama yake Katilili. Wazee husimulia kwamba alipokuwa mdogo, ndugu yake alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, akapotea moja kwa moja. Kwa hivyo mtu akija kumwambia eti toa kijana wako akafanye kazi mbali, unaweza kufikiria alilisikia vipi neno hilo.

Na watu hao walikuja kweli. Mwaka 1912 serikali ilimpeleka ofisa mmoja, Arthur Champion, akae Ugiriama. Alitaka kodi ya nyumba ilipwe, na alitaka vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu na Waarabu huku pwani. Wagiriama hawakuona haja. Walikuwa na mahindi yao ya kuuza, hasa yale ya ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye ardhi yenye rutuba.

Sasa Champion hakugonga kila mlango mwenyewe. Aliwatumia Wagiriama aliowapa cheo cha uzee wa serikali. Hapo ndipo ugomvi ulipoingia hadi ndani ya nyumba. Mwaka 1913 Mekatilili, mjane wakati huo, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata kwa wingi. Akawakusanya Kaya Fungo, msitu mtakatifu ulioko upande wa Kaloleni. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi. Aliyekula kiapo hicho hakutakiwa tena kumtumikia Mzungu, na mzee wa serikali akawa mtu wa kuogopwa na jirani zake.

Agosti mwaka huo ukaitishwa mkutano na Champion. Ndipo, kwa masimulizi ya wazee, alipomletea kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone. Kuku akamdonoa. Oktoba akakamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa kifungoni Kisii. Januari 1914 wakatoroka. Wakarudi kwa miguu, mamia ya kilomita, hadi wakafika kwao. Si mchezo.

Serikali ikaona dawa ni kuivunja kaya. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Mekatilili na Wanje wakakamatwa tena, wakapelekwa mbali. Wakati huohuo serikali ikaanza kutafuta wapagazi wa kubebea jeshi mizigo, wale wa Carrier Corps walioachia Nairobi jina la Kariokor. Ugiriama nzima ikaamini vijana wanachukuliwa kwenda kufa.

Kufika katikati ya Agosti, moto ukawaka. Askari waliotumwa vijijini wakashambuliwa, na Champion naye pia. Ikabidi wanajeshi wa King's African Rifles, wale wa Keya, waliokuwa wakihitajika kupigana na Wajerumani, waletwe kwanza huku.

Usidhani vilikuwa vita vya majeshi mawili kupangana uwanjani. Wagiriama walikuwa na pinde na mishale ya sumu, wakapiga na kurudi msituni. Keya wakaingia kijiji kwa kijiji, wakachoma nyumba, wakaswaga mbuzi, wakapiga risasi. Njaa na kukosa pa kulala ndivyo vilivyowashinda watu zaidi. Oktoba wazee wakakubali masharti: faini ya rupia 100,000, vijana 1,000 watolewe kufanya kazi, na wote waliokaa kaskazini mwa Sabaki wahame, waache mashamba yao.

Kwa hivyo walishindwa? Mwezi ule wa Oktoba, ndiyo, na lazima tuseme hivyo bila kupamba. Walioilipia bei ile ni wenye nyumba na mbuzi, na yeye hakuwepo hata kuwazika waliokufa. Lakini kushika nchi ni jambo jingine. Serikali ilipata shida kuwazuia watu wasirudi ng'ambo, na vita vikuu vilipokwisha ikalegeza, wakarudi. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje wakaachiliwa, kaya ikapata watu tena, na yeye akaongoza baraza la wanawake.

Alifariki katikati ya miaka ya 1920. Ukitaka kujua nani alishinda, usiende kwenye sanamu peke yake. Vuka daraja la Sabaki, shika njia ya Magarini hadi Bungale. Kaburi lake liko huko, upande ule ule ambao watu wake waliambiwa wahame wasirudi. Na ukisalimia njiani, utaitikiwa kwa Kigiriama.