Robert Koch: Mwanazuoni wa kinga aliyepita Mwanza

MSAFIRI anayevuka leo kutoka Kigongo kwenda Busisi juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, si rahisi akumbuke kwamba vichaka vya kando ya ziwa hili viliwahi kuogopwa mno. Mwanzoni mwa karne ya 20, mbung'o walieneza ugonjwa wa malale kandokando ya Ziwa Victoria, na upande wa Uganda pekee watu zaidi ya 200,000 walipoteza maisha.

Janga hilo ndilo lililomleta Mwanza, mwaka 1906, Dk. Robert Koch wa Ujerumani, mtu ambaye maandishi yake yalikuwa yamekwisha kubadili tiba ya dunia nzima.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal. Akiwa daktari wa wilaya asiye na maabara ya maana, alichapisha mwaka 1876 makala iliyoonyesha kwamba kimeta husababishwa na kijidudu mahsusi. Machi 24, 1882, mjini Berlin, alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 1905.

Uzito wa usomi wake haukuishia katika kurasa alizoandika mwenyewe. Katika taasisi aliyoiongoza, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha mwaka 1890 kuwa damu ya mnyama aliyepata kinga huweza kumkinga mwingine. Paul Ehrlich, aliyefanya kazi chini yake, alishirikiana na mwenzake kupata Nobel ya mwaka 1908 kwa utafiti wa kinga ya mwili.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1890 Koch alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu, huku akificha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Wengi hawakupona na wengine walikufa. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet aliitumia tuberkulini kupima kama mwili umewahi kukutana na kijidudu hicho. Kipimo cha ngozi kilichotokana nayo kinatumika hadi leo. Dawa iliyoshindwa ikageuka kuwa mojawapo ya misingi ya elimu ya kinga.

Afrika Mashariki ilimfahamu mapema. Alifika Dar es Salaam mwaka 1897, na mwaka uliofuata alithibitisha kwamba maradhi yaliyowaua watu wa Kiziba, Bukoba, yalikuwa tauni. Aliporudi miaka michache baadaye, alichunguza namna papasi wanavyoeneza homa inayoitwa kwa jina lao.

Kutoka Mwanza alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako wagonjwa wa malale walikuwa wengi zaidi. Huko aliwatibu watu zaidi ya 1,000 kwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni walionekana kupata nafuu, naye akatuma Ujerumani taarifa zenye matumaini makubwa. Ugonjwa uliporejea, aliongeza dozi kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Wagonjwa 22 wakapofuka, na upofu huo haukuwa na tiba. Dozi kubwa ikasitishwa.

Koch aliondoka Sese mwaka 1907, akafariki Mei 27, 1910, huko Baden-Baden. Utawala wa Kijerumani uliendelea kuwakusanya wagonjwa katika kambi za kandokando ya ziwa na kuwadunga sindano kwa kufuata mapendekezo yake.

Ukiweka mambo hayo pamoja, utaona kosa lilelile likijirudia. Berlin mwaka 1890 na Sese mwaka 1906, mwanazuoni huyu alitangaza matumaini kabla ya ushahidi kukamilika, na jina lake kubwa likawafanya wengine waamini. Tofauti ni kwamba Berlin walikuwapo madaktari na magazeti ya kumhoji. Sese wagonjwa walikuwa watawaliwa, na majina yao hayakubeba uzito wowote katika majarida ya Ulaya.

Vitabu vya tiba vinamkumbuka Koch kwa haki. Watu wa ziwa nao wana haki ya kuwakumbuka wale 22, kwani elimu iliyopatikana kandokando ya maji haya ililipiwa pia kwa macho yao.