Jon Postel, mtunza daftari la intaneti

Wadau, ukiandika anwani ya tovuti, kuna seva inayoligeuza jina hilo kuwa namba. Aliyesimamia ugawaji wa majina na namba hizo tangu mwanzo ni Jon Postel, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1943.

Mwaka 1969, akiwa mwanafunzi UCLA, alikuwemo kwenye timu iliyounganisha kompyuta za kwanza za ARPANET. Tangu hapo akawa mtunza daftari. Hata .ke (1993) na .tz (1995) zilitolewa enzi zake.

Januari 1998 ndo ikazuka kasheshe. Seva mama za majina zilikuwa 13: moja, chini ya kampuni yenye mkataba na serikali ya Marekani, ilitoa orodha, na 12 zilinakili. Postel akawaomba waendeshaji 8 wanakili kwake. Wakakubali! Serikali ikaja juu, akarudisha, akidai lilikuwa jaribio tu.

Oktoba 16 mwaka huohuo akafariki baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55. Daftari likarithiwa na ICANN, iliyoundwa wiki chache kabla. Marekani iliachia usimamizi wake mwaka 2016.

Je wadau, daftari la dunia nzima likae kwa nani?