George Müller, Mtunza Fedha za Mayatima

George Müller alizaliwa mwaka 1805 katika nchi ya Prussia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza ushuru, na fedha za serikali zilikuwa chini ya ulinzi wake. George, kabla hajatimiza miaka kumi, alizoea kuziiba. Siku moja baba yake alihesabu fedha, akaziacha chumbani makusudi. Mtoto akatwaa baadhi yake, akazificha ndani ya kiatu, chini ya unyayo. Lakini alipopekuliwa zikaonekana. Akaadhibiwa, wala hakuacha. Alipokuwa na miaka 16 alifungwa gerezani kwa kutolipa deni la nyumba ya wageni.

Mwaka 1825, alipokuwa akisoma chuoni Halle, moyo wake uligeuka. Akahamia Uingereza, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya mayatima katika mji wa Bristol. Basi mali ya watu ikawa tena mkononi mwake. Akajiwekea sheria: asikope, wala asimwombe mtu fedha. Kila zawadi, hata ikiwa ndogo, iliandikwa daftarini, na mtoaji akapewa stakabadhi. Zawadi ya mtu mwenye madeni hakutaka kuipokea, kwa kuwa fedha ile ilikuwa haki ya wanaomdai. Tena hesabu zilikaguliwa na kuchapishwa.

Mwisho wa mwaka 1841 alipatwa na jambo gumu. Wakati wa kutoa taarifa ya hesabu ulikuwa umewadia, nayo akiba ilikuwa imekwisha. Watoaji walistahili kujua habari za fedha zao. Lakini kama taarifa ingetoka siku zile, watu wangedhani kwamba ni njia ya kuomba kwa werevu. Müller akaona afadhali kungoja. Kwa miezi kadhaa walipata riziki ya siku kwa siku tu, wala hawakukopa. Mwaka 1842 akaitoa taarifa, akaeleza dhiki yote pasipo kuficha.

Kazi ikakua. Kufika mwaka 1870 palikuwa na nyumba tano kubwa huko Ashley Down, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Katika maisha yake alipokea kwa ajili ya kazi hiyo karibu paundi milioni moja na nusu. Alipokufa mwaka 1898, mali yake mwenyewe, pamoja na vyombo vya nyumbani, ilikuwa kama paundi 160 tu. Maana zawadi nyingi alizopewa yeye binafsi alikuwa amekwisha kuzigawa.