Nikola Tesla, fundi wa umeme aliyefia mbali na kwao

Mara hii tunamuleta Nikola Tesla, sababu katika mitaa yetu vijana wanapenda kufungua bobini za pikipiki na televizyo za zamani ili watoshe cheche. Tunapenda wajue huyu mutu alianza namna gani, na alijilinda namna gani.

Alizaliwa tarehe 10/07/1856 katika kijiji cha Smiljan, inchi ya Kroatia ya leo. Baba alikuwa padri wa Waortodoksi. Mama hakujua kusoma, lakini alijitengenezea vyombo vya kazi za nyumbani. Nikola akiwa mutoto alibandika wadudu kwenye vijiti vilivyopishana. Wakipiga mabawa, kijiti kinazunguka kama mashini. Baba alitaka awe padri. Alipougua kolera karibu kufa, ndipo baba akakubali asome uinjinia. Alisoma Graz, lakini hakumaliza.

Mwaka 1884 alivuka bahari akaingia New York. Alifanya kazi kwa Edison miezi michache tu, wakaachana. Kuna wakati alichimba mitaro ili apate chakula. Sisi tuliolima mashamba ya wengine kwenye ukimbizi tunajua maana yake. Mwaka 1888 alipata hati za mota ya umeme unaogeuka mwelekeo, na mwaka 1896 umeme wa namna hiyo ulitoka maporomoko ya Niagara ukafika muji wa Buffalo. Umeme wa mto kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, unafuata njia hiyo hiyo.

Mwaka 1891 alitengeneza koili inayobeba jina lake: waya nene wa mizunguko michache, waya mwembamba wa mizunguko mingi, chombo cha kushika chaji, na pengo ambapo cheche inaruka. Volti zinapanda mpaka taa inawaka bila kufungwa na waya. Mwaka 1895 karakana yake iliungua yote. Alianza upya.

Sasa vijana, sikieni vizuri. Ni kweli Tesla alipitisha umeme katika mwili wake mbele ya watu. Lakini ule ulikuwa unageuka mara maelfu na maelfu kwa sekunde moja, haushiki moyo kama ule wa prize ya nyumbani. Na hata huo unaunguza. Televizyo ya zamani inaweza kubaki na chaji hata ikishatoshwa kwenye prize. Tesla mwenyewe, karibu na volti kubwa, aliweka mukono mmoja mufukoni, ili umeme usipite kutoka mukono mpaka mukono katikati ya kifua. Kama yeye aliogopa, wewe ni nani?

Munara wake mukubwa wa Wardenclyffe haukuisha, sababu pesa zilikatika. Alikufa tarehe 07/01/1943 katika chumba cha hoteli New York, peke yake, na madeni. Mwaka 1957 majivu yake yalipelekwa Belgrade.

Bazazi, musimupige mutoto anayecheza na nyaya, wala musimuache afanye peke yake usiku. Mumutafutie fundi wa umeme karibu, wafanye wawili, mmoja akae kando ya kikatio. Tumerudi nyumbani tukiwa wazima. Tubaki hivyo.